Marie Curie: Joto au Hewa?

Kabla sijawasimulia maisha ya mama huyu ambaye jina lake tunakutana nalo kila mara katika vitabu vya Fizikia na Kemia, sina budi kuungama kosa langu. Wengi wenu mnalijua tayari, maana habari mbaya haikawii kufika.

Ilikuwa muhula wa pili, mwezi wa Julai, wakati wa baridi shadidi. Mwalimu Mkuu alikuwa ametangaza asubuhi kwamba bili ya stima imepanda mno, kwa hivyo kila kiranja ahakikishe hakuna taa wala mashine inayowaka bila kazi. Mimi, kiranja wa maabara, nililipokea agizo hilo kwa pupa. Alasiri hiyo tulikuwa na somo la kutengeneza gesi ya klorini. Nilifunga madirisha yote ili wenzangu wasitetemeke. Kisha Mwalimu alipokwenda stoo kuchukua chupa, niliizima feni ya lile kabati la kioo ambamo tunatengenezea gesi zenye sumu. Nilijiona mwerevu kweli kweli. Stima nimeokoa, joto nimehifadhi, ungetaka nini tena?

Kumbe mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Haikupita dakika kumi, gesi ya rangi ya kijani-manjano ikaanza kumwagika kutoka mbele ya kabati. Macho yalituwasha, koo zikakereketa. Mwenzetu mmoja mwenye pumu alishikwa na kikohozi hata akashindwa kusimama. Mwalimu alitutoa nje sote mbio mbio. Yule mwenzetu alipelekwa zahanati na, Mungu si Athumani, alirudi bwenini jioni akiwa salama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu wa Kemia hakunichapa wala hakunifokea. Alinituma maktaba nisome maisha ya Marie Curie, hasa habari za banda alimofanyia kazi, kisha niwasimulie wenzangu katika jarida hili. Basi makala haya ndiyo adhabu yangu. Nimeisoma adhabu hiyo kwa majuma matatu na nakiri kwamba imenifunza kuliko viboko kumi.

Marie Curie alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, nchini Poland, akaitwa Maria Skłodowska. Wakati huo sehemu hiyo ya Poland ilitawaliwa na Mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa Fizikia na Hisabati, na mama yake aliwahi kuongoza shule ya wasichana. Maria alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Hata hivyo msichana huyo hakukata tamaa. Mwaka 1883, akiwa na miaka kumi na mitano tu, alimaliza shule ya sekondari na kupewa medali ya dhahabu.

Tatizo likawa hili: chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Maria na dada yake Bronia walijiunga na masomo ya siri, yaliyohamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine ili askari wasiyagundue. Halafu wakafunga mapatano. Maria angefanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao, ampelekee Bronia pesa za kusomea udaktari Paris, kisha Bronia naye angemsaidia mdogo wake. Je, ni wangapi kati yetu tungekubali kumtanguliza ndugu namna hiyo? Maria alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, nayo ahadi ikatimizwa. Mwaka 1891 alipanda garimoshi kwenda Ufaransa, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Sorbonne kwa jina la Marie.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwa nini Mwalimu alinichagulia mama huyu. Marie alipanga chumba kidogo cha darini, orofa ya sita. Makaa ya mawe ya kupasha chumba joto alikuwa akiyabeba mwenyewe ngazi kwa ngazi, na mara nyingi hakuwa na pesa za kuyanunua. Usiku wa baridi kali maji yaliganda ndani ya beseni. Alijifunika nguo zake zote juu ya blanketi ili apate usingizi. Jioni alikwenda kusomea katika maktaba ya Sainte-Geneviève, ambako palikuwa na taa na joto, akakaa huko hadi saa nne usiku ilipofungwa. Kwa hivyo Marie hakuhitaji kuhubiriwa habari za kubana matumizi. Thamani ya kila kipande cha makaa aliijua vizuri kuliko mimi ninavyoijua bili ya stima. Mwaka 1893 alishika nafasi ya kwanza katika shahada ya Fizikia, na mwaka uliofuata akashika ya pili katika Hisabati.

Mwaka 1894 alikutana na Pierre Curie, mwanasayansi mpole aliyefundisha katika shule ya Fizikia na Kemia ya jiji la Paris. Walifunga ndoa Julai 1895. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897, na wa pili, Ève, mwaka 1904.

Wakati huo Henri Becquerel alikuwa amegundua, mwaka 1896, kwamba uraniamu hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Marie aliamua kuichunguza miale hiyo. Alipewa stoo yenye unyevu katika shule aliyofundisha Pierre. Siku moja ya Februari 1898 aliandika katika daftari lake kwamba joto la mle ndani lilikuwa nyuzi 6 na robo tu, akatia alama nyingi za mshangao. Alipima madini ya aina nyingi, akakuta kwamba pichiblendi, madini yenye uraniamu, yalikuwa na miale mikali kuliko uraniamu yenyewe. Akili yake ikamwambia kwamba humo ndani mna kitu kingine. Julai 1898 yeye na Pierre walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya nchi yake iliyotawaliwa na wageni. Desemba mwaka huo huo wakatangaza nyingine, radiamu.

Kutangaza ni jambo moja, kuonyesha ni jambo jingine. Wakemia walitaka kuiona radiamu na kupima uzito wake. Radiamu ndani ya pichiblendi ni kidogo mno, kwa hivyo ilibidi kuchambua tani nzima za mabaki ya madini hayo, yaliyoletwa kwa magunia kutoka Bohemia. Kazi kama hiyo haingetosha katika stoo. Shule ikawapa banda lililokuwa ng'ambo ya uwanja, katika barabara ya Lhomond.

Jamani, banda lile! Zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti humo, kisha likaachwa. Paa lake la vioo lilivuja mvua ikinyesha. Wakati wa kiangazi lilikuwa kama tanuri. Wakati wa baridi kulikuwa na jiko moja la chuma, na aliyetaka joto ilibidi alisogelee, maana ukienda hatua chache tu unarudi kwenye barafu. Mkemia Mjerumani Wilhelm Ostwald alipokwenda kuliona alilifananisha na zizi na ghala la viazi. Kama asingeviona vyombo vya Kemia juu ya meza, angedhani anafanyiwa mzaha.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa hewa. Banda halikuwa na kabati wala bomba la kuvuta gesi zenye sumu na kuzipeleka nje. Kazi ya Marie ilikuwa kuchemsha hadi kilo 20 za madini kwa wakati mmoja katika chungu kikubwa, akikoroga na fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Moshi ulimwasha macho na koo. Kwa hivyo aliipeleka kazi nje, uwanjani, kama sisi tunavyoambiwa vitabuni kwamba gesi fulani itengenezwe katika kabati la gesi au mahali pa wazi. Mvua ikinyesha alirudi ndani na kuyaacha madirisha wazi ili upepo uchukue moshi.

Hebu fikiri, msomaji. Ni majira ya baridi Paris. Jiko linakula makaa ya mawe na madirisha yako wazi. Joto lote lililonunuliwa kwa pesa linatoka nje pamoja na moshi. Ukifunga madirisha upate joto, unameza sumu. Ukiyafungua upate hewa, unaganda. Marie alikuwa kati ya mawili hayo kwa miaka minne. Mimi niliposoma hapo nilikumbuka swichi ile niliyoizima, nikainamisha kichwa pale pale maktabani.

Tena upepo wa dirishani haukumlinda vizuri hivyo. Hewa ya dirisha huja inakotaka yenyewe. Mara hutoa moshi, mara huurudisha usoni mwako. Isitoshe, radiamu yenyewe hutoa gesi nyingine yenye miale, ambayo leo tunaiita radoni, nayo haina rangi wala harufu. Mwanasayansi Mjerumani Friedrich Dorn aliitambua mwaka 1900. Marie mwenyewe alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1903 kwamba vumbi, hewa ya chumba na hata nguo za watu wa maabara zilikuwa zimeanza kutoa miale, na kwamba vipimo vyao viliharibika kwa sababu hiyo. Yaani mitambo ililalamika kabla miili haijalalamika!

Mwaka 1902 hatimaye Marie alipata moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Tani kwa tani za mawe, na mwisho wake punje! Usiku yeye na Pierre walikuwa wakirudi bandani kutazama chupa zao ndogo ziking'aa gizani kama vimulimuli. Waliupenda mwanga huo, wala hawakujua undani wake. Pierre alijiwekea radiamu mkononi kwa makusudi ili aone itafanya nini, ikamwachia kidonda. Vidole vya Marie navyo vilikakamaa na kuchubuka. Hata hivyo hawakuchukua hataza ya ugunduzi wao, ingawa ungewatajirisha. Waliona sayansi ni mali ya wote.

Mwaka 1903 Marie, Pierre na Becquerel walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Baada ya dhiki ikaja faraja, na baada ya faraja msiba. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na mkokoteni mzito wa farasi barabarani, akafa papo hapo. Marie, mjane mwenye miaka 38 na watoto wawili, alipewa nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 alipata Tuzo ya Nobel ya pili, safari hii ya Kemia, akawa mtu wa kwanza kuipata mara mbili.

Sasa aliweza kujengewa maabara ya haki. Taasisi ya Radiamu ilikamilika Paris mwaka 1914, katika barabara iliyopewa jina la Pierre. Marie aliifuatilia ramani kwa makini. Alitaka madirisha makubwa yaingize mwanga, na alipanda miti na mawaridi hata kabla ya kuta kumalizika. Mtu aliyeteseka bandani hakusahau mwanga na hewa. Lakini vita vikazuka mwaka huo huo. Aliacha maabara, akajifunza kuendesha gari, akaandaa magari ya eksirei kwenda kuwapiga picha askari waliojeruhiwa. Binti yake Irène, mwenye miaka kumi na saba, alifuatana naye. Katika vita hivyo zaidi ya askari milioni moja walipigwa picha kwa mitambo ya namna hiyo.

Baada ya vita watu walianza kuona madhara ya radiamu. Marie aliwataka wafanyakazi wake wapimwe damu na wapumzike mashambani kwenye hewa safi. Yeye mwenyewe, ole wake, hakuzifuata sana kanuni zake. Macho yake yalipatwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa mara kadhaa. Tarehe 4 Julai 1934 alifariki milimani kusini mashariki mwa Ufaransa, akiwa na miaka 66. Uboho wake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu.

Sitasema kwamba hewa ya banda peke yake ndiyo iliyomuua. Mwaka 1995 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa, akiwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo kwa kazi yake mwenyewe. Wataalamu waliopima wakati huo waliona huenda eksirei za vitani zilichangia zaidi kuliko radiamu. Lakini madaftari yake ya zamani hadi leo huhifadhiwa katika masanduku ya risasi, na maabara yake ya Taasisi ya Radiamu ilibidi isafishwe mwaka 1981 kabla ya watu kuitembelea kama makumbusho. Kilichoachwa kuelea hewani na kutua mezani hakikuondoka na mwenyewe.

Basi swali la banda lile limejibiwaje? Jibu nililolipata ni kwamba sumu hukamatwa pale pale inapozaliwa, kabla haijatembea chumbani. Ndiyo kazi ya kabati la gesi. Feni huvuta hewa kupitia uwazi wa mbele kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde, ikaipeleka juu ya paa. Tena kasi ikizidi sana si usalama zaidi, maana hewa huzunguka mbele ya mtu na kumrudishia gesi.

Lakini hewa hiyo si ya bure. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Uwazi wa upana wa mita 1.5 na kimo cha nusu mita, kwa kasi hiyo, hutoa mita za ujazo 1,350 kwa saa. Maabara ya mita 9 kwa 7, yenye kimo cha mita 3, ina mita za ujazo 189. Yaani kabati moja hutoa hewa ya chumba kizima mara saba kila saa! Hewa inayoingia badala yake lazima ipashwe joto kule Ulaya, au ipozwe kwenye maabara za nchi za joto. Ndipo stima inapokwisha.

Wenzetu wa vyuo vikuu hawazimi feni kama nilivyofanya mimi. Wao hushusha kioo cha mbele wasipokuwa wakifanya kazi. Kioo kikishushwa hadi theluthi, katika makabati ya kisasa feni hupunguza mwendo yenyewe, kasi ya hewa ikabaki ile ile, na hewa inayotoka ikawa mita za ujazo 450 tu. Mtu analindwa zaidi kwa sababu kioo kimemkinga uso, na stima inaokolewa. Tena feni ina siri yake: ukipunguza mzunguko wake hadi nusu, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu moja ya nane. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kimewahi kuandaa mashindano kati ya maabara kuona nani anakumbuka kushusha kioo. Kwingine joto la hewa inayotoka hunaswa kwa mabomba na kupasha ile inayoingia. Laiti Marie angelipata dohani kama hiyo, makaa yake yasingeruka dirishani.

Kabati letu ni la zamani, feni yake haijui kujipunguza. Lakini Mwalimu na sisi viranja tumekubaliana mambo matatu. Feni huwashwa kabla ya gesi na huzimwa dakika kumi na tano baada ya vyombo kusafishwa, si kabla. Kioo hubaki chini isipokuwa mikono inapohitaji kuingia. Na gesi tunatengeneza kidogo, ya kutosha jaribio tu, kwa kundi moja baada ya jingine, ili feni ifanye kazi somo moja badala ya matatu. Stima tunayookoa sasa tunaiokoa kwa taa za mchana, wala si kwa pumzi ya mtu.

Nilimwomba msamaha yule mwenzangu mwenye pumu mbele ya darasa, naye akanisamehe. Mwalimu alipouliza nani ashike zamu ya swichi ya feni muhula huu, yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Hakuna aliyempinga.